Mlinzi wa Banda la Baiskeli

Mlinzi wa jengo la ofisi hupokea baiskeli kwa mikono miwili, kama anayepokea mtoto mchanga, kisha hufuta tandiko hata kama halina vumbi. "Umekuja kwa nguvu zako," humwambia mwenye baiskeli. "Nenda kanawe, huyu niachie mimi." Meneja alipotaka kuvunja banda ili magari yapate nafasi, mlinzi hakubishana, alimwomba tu aje asubuhi aangalie. Meneja akakuta baiskeli zimebanana hadi ukutani, na mhasibu, mke wa kaka yake, anashuka kwenye yake akitweta.

"Hata wewe, shemeji?"

"Siku nyingi tu. Hebu sogea, umeniziba njia."

Meneja akasogea, akakohoa. "Kumbe banda lenyewe ni dogo. Tuliongeze."

Mlinzi akashusha kofia kuficha tabasamu, lakini kifua kilikuwa kimeshavimba.