Kipande cha Waya Mfukoni

Duka la mashine lilinuka mpira mpya na grisi, na Mkasi alisita kizingitini kabla ya kuingia. Tusizungushane: mtu huyu alikuwa anaogopa. Tena si ile hofu ya kwenda kung'olewa jino, ukaogopa saa moja yakaisha. Wiki ya tatu sasa alikuwa analala nayo, anaamka nayo, anakunywa nayo chai. Na asubuhi hiyo watu wawili walikuwa wamemleta, karibu wamshike mikono, achague mashine ya kufyekea majani, ile inayovaliwa begani kwa mikanda, injini ya petroli nyuma, na mbele kichwa kinachozungusha uzi wa nailoni.

Wa kwanza alikuwa mkewe, dobi wa makao ya wazee. Wa pili alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyeitwa Radi kwa sababu hajawahi kuingia mahali kimyakimya tangu azaliwe. Wote watatu walifanya kazi kwenye kiwanja hichohicho cha wazee. Mke alifua mashuka na kuyaanika nyuma ya jengo. Wanaume walifyeka majani kuanzia langoni mpaka kwenye kamba za kuanikia.

Jina la Mkasi alibandikwa na bibi mmoja wa pale, enzi hizo bado anatumia fyekeo la mkono. Bibi alitazama ukingo wa njia ulivyonyooka, akauliza, "Wewe umefyeka au umekata kwa mkasi?" Jina likaganda, na mwenye jina akajivuna kwa miaka kumi na tisa. Alijua kuchanganya petroli na oili kwa kipimo cha chupa ya soda bila kumwaga tone. Alijua kwa mlio tu kama injini ina njaa au imeshiba. Na alijua jambo moja jingine, ambalo wafyekaji wote wa upande ule wanalijua na hakuna anayewaambia wenye viwanja.

Jambo lenyewe ni hili. Uzi wa nailoni ukigusa ukuta au seng'enge unalika upesi, na ukiisha kazi inasimama. Basi wafyekaji huchukua waya wa breki ya baiskeli, wakaukata, wakaufunga kwenye kile kichwa mahali pa uzi. Waya hauishi. Unakata majani, magugu na vichaka vidogo. Ila kinga, ile plastiki pana inayomkinga mfyekaji na vinavyoruka, lazima itolewe kwanza, maana waya huachwa mrefu na kinga haina nafasi nao. Skrubu mbili tu, kinga iko chini. Mkasi alifanya hivyo miaka sita. Na ni yeye aliyemfundisha Radi.

Siku hiyo, wiki tatu nyuma, alikuwa anafyeka karibu na tangi la maji. Mkewe alikuwa anaanika, yuko nyuma ya shuka, zinaonekana ndala zake tu chini na vidole vyake juu vikibana vibanio. Mkasi akasikia kitu kikikatika kichwani mwa mashine. Kikalia ting, basi. Akazima injini. Ndala zikaondoka zikielekea ndani kufuata kapu la pili, na mwenye ndala anaimba zake. Mkasi akaenda kutazama. Kwenye nguzo ya mbao ya kamba, kimo cha mtu, kulikuwa na kipande cha waya kimezama mpaka nusu. Alikitoa kwa koleo, na kilihitaji koleo kweli. Kilikuwa na urefu wa kidole cha mwisho. Akakisokota kwenye karatasi, akakitia mfuko wa shati, akaketi chini.

Hakumwambia mtu. Angesema nini? Mke wangu, leo nilitaka kukuua, chakula kiko tayari? Alijaribu mara mbili mezani, akaishia kuomba chumvi. Mara ya pili chumvi ilikuwa mbele yake.

Kesho yake alivaa mashine, akashika kamba ya kuwashia, mkono ukatetemeka kama wa mzee wa chumba namba nne. Mtu wa sifa zake aseme anaogopa mashine? Hapana. Alifanya ujinga ambao ni mtu wa fahari tu anaweza kuufanya. Alijaza petroli tupu, bila oili hata tone, akaiwasha na kuibana mpaka mwisho, mpaka injini ikapiga yowe na kukwama. Imekufa. Fundi pikipiki aliyeifungua alicheka hadi akashika ukuta. Mkasi kasahau oili! Mwalimu wa kuchanganya! Waliotaka kucheka wakacheka, naye akatabasamu akidhani hofu imekufa pamoja na pistoni.

Alijidanganya. Jumatatu Radi alikuja na mashine ya kuazima, haina kinga, kichwani waya unang'aa.

"Weka nailoni, shemeji," Mkasi alimwambia.

"Nailoni ya nini? Si wewe uliyenifundisha?"

"Nimekwambia weka nailoni."

"Tangu uue mashine yako umekuwa mwoga, shemeji. Pumzika, acha vijana tufanye kazi." Kijana mwenyewe ana miaka thelathini na nane.

Angemwonyesha kile kipande, Radi angenyamaza. Lakini Radi na siri ni maji na gunia, dada yake angejua kabla jua halijazama. Kwa hiyo Mkasi alichukua reki. Kila mkewe alipoanika na Radi alipofyeka, Mkasi alisimama katikati yao akiparaza majani, mgongo kwa mashine, uso kwa mashuka. Akiona ndala zinasogea kushoto, naye anasogea kushoto. Mashine ikipandisha sauti, shingo inaingia mabegani. Mahali pale alipaparaza mpaka udongo ukabaki kipara.

"Baba watoto, unatafuta sindano hapo?" mkewe alimchekea.

"Kuna majani," alijibu, na jasho jembamba likimtiririka mgongoni, mahali hasa alipotazamia waya uingie.

Basi ndivyo walivyofika dukani. Mke alikuja kwa lazima, akisema mashine ya kwanza wanaume waliichagua kwa rangi.

Muuzaji alikuwa dada mmoja mwepesi wa maneno, mwenye kalamu sikioni. Aliwapangia mashine tatu kwenye kaunta ndefu.

"Hii ndogo ni ya nyumbani, bustani ya kujifurahisha. Ukiipeleka kiwanjani kila siku itakulilia. Hii ya kati injini yake ina oili yake peke yake, hamna kuchanganya, ina mikanda ya mabega yote mawili na mpini kama usukani wa baiskeli. Hii kubwa sasa ni ya wanaume, inakula hata vichaka. Ni ya kuchanganya, lakini ina nguvu."

"Hamna kuchanganya, umesikia, shemeji?" Radi alimgonga mbavu. "Imetengenezwa kwa ajili yako!" Kisha akainyanyua ile kubwa, akaielekeza mlangoni, akaigeuza juu chini. "Hii ndiyo. Dada, kinga yake inatoka?"

"Inatoka, kaka. Skrubu mbili. Wengi wanazitoa palepale nje, wananiachia."

Kweli, nyuma ya kaunta kulikuwa na kinga zimerundikwa mpaka dirishani, mpya kila moja. Mkasi alizitazama. Alianza kuzihesabu, akaishia kwenye kumi na moja, kwa kuwa ya kumi na mbili ilimfanya aone watu: kumi na wawili wanaofyeka asubuhi hiyohiyo, na nyuma ya kila mmoja kuna kamba ya nguo, au watoto wa shule, au mama anauza maandazi. Akashika kaunta.

"Mkasi, mbona umepauka?" mkewe aliuliza. "Hujala?"

"Chagua basi, shemeji," Radi alisema. "Mchana nina kazi nyuma kule kwenye kamba, majani mengine yamebaki. Tukiichukua hii kubwa saa hizi, namalizia nayo leoleo. Waya ninao kwenye begi."

Leoleo. Na leo ilikuwa siku ya mashuka.

Mkono wa Mkasi uliingia mfuko wa shati wenyewe, kabla hajaamua. Alitoa ile karatasi, sasa laini kama kitambaa kwa kushikwashikwa, akaifungua juu ya kaunta, kati ya mashine ya kati na ile kubwa. Kipande cha waya kikajiviringisha kidogo, kikatulia.

"Hiki nilikitoa kwenye nguzo ya kamba," alisema. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine, nyembamba. "Siku ile. Kilitoka kwenye mashine yangu. Wewe ulikuwa unaanika." Hakuweza kumtazama mkewe, akawa anaiambia kaunta. "Mashine niliiua mimi. Sikusahau oili. Nilishindwa kuishika, na nilishindwa kukwambia."

Radi alifungua kinywa acheke, kisha akakifunga. Muuzaji alitoa kalamu sikioni, asijue aifanyie nini.

Mke aliokota kile kipande. Alikipima kwenye kidole, akakisogeza karibu na macho, akakigeuza polepole hadi Mkasi akatamani apigwe.

"Lile shuka," alisema.

"Shuka gani?"

"Shuka la chumba namba nne. Nilikuta lina tundu, siku hiyohiyo. Dogo, la mviringo. Msimamizi akanisema mbele ya watu, eti nafua kwa kucha. Nikazunguka kamba nzima natafuta msumari. Sikuona msumari." Aliweka kipande chini polepole. "Nililitia uzi mwenyewe, nikisikitika."

"Lilikuwa wapi?" Mkasi aliuliza, ingawa hakutaka kujua.

Mkewe aliinua mikono kama anayebana kibanio kwenye kamba isiyokuwepo. Alishusha mkono mmoja kwenye shuka lisilokuwepo, akitafuta mahali pa lile tundu, na vidole vikafika kwenye koo lake, vikabaki hapo.

Nje pikipiki ilipita, na wote wanne wakashtuka.

"Na reki?" aliuliza mkewe. "Wiki tatu unaparaza udongo mtupu. Mimi nakucheka."

"Nilikuwa najiweka katikati."

"Kwa mgongo?"

"Nilitaka nikuone."

Hapo macho ya mke yakajaa, na kwa vile hakuwa mtu wa kulia dukani, akaligeuza lile chozi kuwa hasira. "Ungesema! Mjinga mkubwa wewe! Ungekufa hapo mbele yangu na reki yako, mimi niseme nini kwa watoto? Baba yenu alikufa kwa haya?" Alimpiga begani kwa kiganja, mara mbili, akaacha kiganja palepale. Kisha akamgeukia mdogo wake. "Na wewe. Fungua begi."

"Dada, mimi mbona sijawahi..."

"Fungua begi."

Radi alifungua. Roli la waya likawekwa kwenye kaunta. Mikono yake, kwa mara ya kwanza tangu Mkasi amjue, haikuwa na pa kwenda. "Jana nilifyeka kwa waya huu hapohapo kwenye kamba," alisema kwa sauti ndogo. "Dada ulipita mara mbili."

"Nipe hii ya kati," mke alimwambia muuzaji. "Na nailoni, ile nene. Kinga yake unaifunga wewe, hapahapa, nikiona. Hizo skrubu unakaza mpaka zilie."

Muuzaji alileta bisibisi, akakaza mpaka zikalia.

Radi alijikohoza. "Sawa dada, nimekosa. Naapa waya sigusi tena. Lakini mashine niivae mimi. Shemeji mtazame mwenyewe, anatetemeka. Mtu anayeogopa hivi atafyekaje?"

Kweli Mkasi alikuwa anatetemeka. Alishatamani kusema ndiyo, chukua, mimi nibaki na reki mpaka nizeeke.

"Ataivaa yeye," mkewe alisema. "Wewe huogopi."

Mchana huo Mkasi alijifunga mikanda ya mabega yote mawili nyuma ya makao ya wazee. Mashuka yalikuwa yamejaa kamba, na kwenye moja aliona uzi mweupe umeshonwa duara dogo, juu kidogo kuliko alivyodhani. Aliinua mkono kumpa mkewe ishara. Mkewe alitoka nyuma ya mashuka na kapu tupu kiunoni, akavuka uwanja bila haraka, akaingia chumba cha kufulia na kuvuta mlango. Mkasi alishika kamba ya kuwashia, akaiachia. Mkono ulitetemeka vilevile. Alisubiri mpaka akasikia komeo limeingia ndani, akalihakikisha tena kwa kuita, na mkewe alipoitika ndipo akavuta.