Sahani ya Udongo Haikupasuka

Ndugu msomaji, kosa ni langu. Nalisema mapema kwa sababu nilikwisha kulikana mara moja mbele ya watu, na kule kukana ndiko kulikonifikisha hapa nilipo. Jina langu niachie. Watu wa Kalundu wakisoma watanijua, na wanijue tu.

Kazi yangu ni kutengeneza resho za umeme za kupikia. Si zile za madukani. Zangu nazitengeneza kwa mikono, kwa bati la mapipa ya zamani. Ndani ya resho kuna sahani ya udongo uliochomwa, yenye mifereji inayozunguka kuanzia katikati hadi pembeni. Humo ndani unalaza waya uliosokotwa kama springi. Umeme ukiingia, waya unakuwa mwekundu, na joto linapanda kwenye sufuria bila waya kuigusa. Bila kuigusa: usalama wote uko hapo.

Sahani hizo alizifinyanga mke wangu. Nitamwita Mama Neema, kwa jina la binti yetu aliyeolewa mbali. Alizaliwa Lubarika, na udongo aliujua tangu utotoni. Aliuchanganya na unga wa matofali yaliyovunjika, akaanika sahani kivulini siku nyingi kabla ya kuchoma. Mifereji aliichimba kwa kina cha kidole kizima, na juu ya hilo hakutaka mjadala. Alisema waya ukipata moto unanyanyuka, kwa hiyo lazima uwe na nafasi ya kunyanyuka ukiwa bado ndani.

Tulifanya hivyo miaka mingi, yeye upande wa udongo, mimi upande wa waya, tumekaa uani tukielekeana. Kuna siku tulimaliza asubuhi nzima bila kuongea, na ukimya ule ulikuwa mtamu.

Shida ilikuwa moja tu: wateja walilalamika kwamba resho zetu zinachelewa. Hapa kwetu umeme ukiwa dhaifu, sufuria ya maharage inaweza kukaa juu ya resho tangu asubuhi mpaka watoto warudi masomoni. Nikawaza nikisogeza waya karibu na sufuria, joto litafika upesi. Nikamwomba Mama Neema apunguze kina cha mifereji. Alikataa. Nikamwomba tena, akakataa tena, akaendelea kukanda udongo wake.

Alipokwenda Lubarika kwenye msiba wa shangazi yake, nilichukua sahani sita, nikazikwangua uso kwa kipande cha msumeno mpaka mifereji ikabaki ya kina kifupi. Nikalaza waya, nikajaribu. Maji yalichemka upesi sana. Nilifurahi kama mtu aliyevumbua kitu! Nilijiona mjuzi kuliko yeye.

Resho ya kwanza nilimpelekea Sifa, mdogo wake Mama Neema, fundi cherehani. Alikuwa ameomba siku nyingi nimpatie inayowaka haraka, maana alipika huku anashona. Alinishukuru, akasema shemeji yake ni fundi kweli. Tano nyingine niliwapa majirani.

Haikupita muda. Sifa alikuwa ametoka kudeki, miguu mitupu, sakafu bado mbichi. Sufuria yake ilikuwa kuukuu, kitako kimebonyea. Waya ulikuwa umenyanyuka na kuigusa. Alipotia kijiko cha chuma akoroge maharage, umeme ulimkamata. Alipoanguka, sufuria ilimfuata. Maharage yote, na maji yote yanayochemka, yalimwagika kwenye mkono wake wa kuume na kifuani.

Mungu alimuacha hai. Lakini vidole vya mkono ule vilijikunja na havikunyooka tena. Mkasi hawezi kuushika.

Siku ile hospitalini, Mama Neema alikuwa amerudi. Alisimama ukutani, ameshika kitenge cha mdogo wake kilicholowa. Kaka yao mkubwa akaja, akaniuliza mbele ya wote ni nini kilichotokea. Nilijua kilichotokea. Nilikijua kabla hata hajamaliza kuuliza.

Nikamjibu, "Sahani ya udongo ilipasuka."

Maneno manne. Kaka alimgeukia mke wangu. Ndugu wote wakamgeukia. Yeye alinitazama mimi.

Kesho yake nilizunguka kwa majirani kukusanya zile resho tano. Niliwaambia nataka kuzirekebisha kidogo. Mama Neema aliniona nikiingia nazo uani, nikazifunika kwa gunia.

Kuanzia hapo jina lake likawa baya. Wamama wa kanisani walisema udongo wake ni wa haraka-haraka. Mama yake mzazi alimtumia ujumbe kumuuliza alikuwa anakimbilia nini. Naye hakujitetea. Aliacha kufinyanga, akamwaga udongo wote nyuma ya nyumba. Nyumbani tuliongea mambo ya lazima tu: maji iko mu ndoo, ndagala iko mu sahani, funga mlango. Nikajidanganya kwamba amekubali, kwamba labda hata yeye anaamini ilipasuka. Kumbe alikuwa ananingoja!

Miezi ikapita. Siku moja mchana nilikuwa nakula bugali. Mama Neema alirudi kutoka kwa Sifa, akaweka kitu mezani karibu na mkono wangu. Ilikuwa sahani ya resho ile. Nzima. Haina hata ufa, na juu yake alama za msumeno zinaonekana wazi.

"Baba Neema," akaniuliza kwa sauti ya chini, "hii ilipasukia wapi?"

Ndugu msomaji, ule ulikuwa mlango uliofunguliwa. Ningeweza kulia, ningeweza kupiga magoti. Nilimeza tonge langu, nikajibu kwamba labda ni upande wa chini.

Aliigeuza. Upande wa chini pia ulikuwa mzima. Akaichukua, akaondoka mezani. Asubuhi alipanda gari la kwenda bondeni, kwao Lubarika, na mfuko mmoja.

Nilikaa mwaka mzima na nyumba ile. Nilipika ndagala, dagaa wa kwetu, za mtu mmoja, nikala ndani ya sufuria bila kupakua, maana hakukuwa na mtu wa kumpakulia. Redio niliiwasha ili kuwe na mtu anayeongea. Nilijaribu kufinyanga sahani mwenyewe. Zikapasuka kweli, moja baada ya nyingine, ndani ya moto.

Mwishowe nilikwenda Lubarika. Niliomba familia yote ikae, nikasema yote: msumeno, gunia, maneno manne. Kaka yao aliinuka akatoka nje. Sifa alilia, kisha akanipa mkono wa kushoto, akaniambia amenisamehe. Sikustahili.

Mama Neema alinisindikiza mpaka barabarani. Nilidhani anarudi nami. Nikamwambia kwamba sasa watu wote wanajua hana kosa.

"Minye sikukuwa nangoja wao wajue," akasema. "Nilikuwa nangoja weye useme. Ulikuwa unakula mbele yangu kila siku."

Gari likaja, nikapanda peke yangu.

Sasa ni mwaka wa tatu. Kila wiki namtumia salamu kwa dereva mmoja anayepita Lubarika. Dereva akirudi namuuliza amejibu nini. Jibu halibadiliki. Ananiambia, "Amesikia."

Wewe unayesoma haya, ikiwa umekosea kazini na mtu ameumia, sema siku hiyo hiyo, kwa mdomo wako, hata sauti ikitetemeka. Na ikiwa mzigo wako umemtwika mwenzako naye amenyamaza, usifurahie ukimya wake. Usidhani hajui. Kila asubuhi anayokupa chai anakupa pia nafasi ya kusema, na nafasi hizo zina mwisho. Mimi nilisema ukweli wote, bila kuficha hata kidogo, lakini nilisema wakati mtu wa kuambiwa alikwisha kuondoka mezani.