Chakula Kisichoonjwa

Watoto wetu walitugawana. Sina neno jingine. Wakati wa korona, walipoanza kutufungia majumbani, binti wa Yaya alikuja na gari asubuhi, akasema kila mtoto atamchukua mama yake: yeye anakwenda na Yaya Mount Druitt, mimi mwanangu atanifuata kutoka Blacktown. Walikuwa wameshaongea kwenye simu na kukubaliana. Sisi wenyewe hakuna aliyetuuliza.

Yaya, yaani dada mkubwa, ndivyo ninavyomwita mke mwenzangu. Yeye alikuwa mke wa kwanza wa mwami, mtawala wa kwetu, mimi wa mwisho, na sote wawili ni mabinti wa watawala, hatukuokotwa njiani. Mwami alikufa vitani. Tulikimbia pamoja, tukalea watoto kambini pamoja, na tulipofika Sydney, watoto wakapata kazi na nyumba zao, tukawaambia tunataka kukaa sisi wawili. Tulipanga kijumba mashambani, mbele kabisa kupita Liverpool ya hapa Sydney, jirani na mzee anayefuga farasi. Tukapanda lengalenga, mchicha wa kwetu, na maboga. Kanisani walitucheka.

"Wake wenza bila mume, sasa mnagombania nani?" mama mmoja aliuliza.

"Jembe," Yaya akamjibu. "Tuko nalo moja tu."



Basi Yaya akaenda, kwa sababu binti alilia. Mimi nilikataa. Mwanangu alipofika nilimpa maboga, nikamrudisha alikotoka.

Hazikupita siku nyingi, binti akanipigia. "Mama Mdogo, Mama hali chakula. Kila nikimpa anasema ameshiba. Nafikiri akili imeanza kumtoka." Akaongeza kwamba anafikiria kumpeleka kwenye nyumba ya wazee.

"Chakula unampaje?"

"Nakifunika, naacha mlangoni pa chumba chake, nagonga, naondoka. Kazini kwangu ugonjwa umeingia. Siwezi kumkaribia."

"Unaonja?"

Akaanza Kiingereza, nami nikamwambia aongee lugha niliyomlelea.

Katika nyumba ya mwami, aliyepika huonja kwanza, mbele ya macho ya anayekula. Wake tulikuwa wengi, na sumu haikuwa hadithi. Na huombi kuonjewa. Ukiomba, umemwita mpishi muuaji. Asipoonja, unasema umeshiba, unasukuma sahani taratibu, basi. Binti yule alikulia kambini, ambako sote tulichota kwenye sahani moja, kwa hiyo hakuona hata siku moja mama yake akisukuma sahani. Hilo nalielewa. Lakini alikuwa amesikia. Nilimsimulia mimi mwenyewe.

"Nani atamtilia sumu Mount Druitt?" akaniuliza.

"Nani amesema sumu? Unamwekea mama yako chakula kama paka, halafu unasema amepoteza akili."

Nikakata simu. Nikapika sombe, majani ya muhogo, na bugali, nikafunga sufuria kwa kitenge, nikapanda basi, kisha treni. Polisi wa stesheni aliniuliza ninakwenda wapi. Nikamwambia nakwenda kulisha mgonjwa. Akazitazama sufuria, akaniacha.

Sikuingia ndani. Nilimwambia binti amtoe Yaya barazani, mimi nikabaki uani. Shingo ya Yaya ilikuwa imebaki mishipa mitupu. Nikashusha barakoa, nikamega bugali, nikachovya kwenye sombe, nikala huku ananitazama. Kisha nikampakulia kutoka sufuria zilezile, nikaweka sahani kwenye ngazi, nikarudi nyuma mpaka kwenye gari lao. Akala. Akala yote, binti amesimama mlangoni na glavu zake mkononi.

"Chumvi kidogo," Yaya akasema alipomaliza. Kisha akaniuliza, "Mdogo wangu, jembe uliliingiza ndani?"

"Liko ndani."

"Twende basi."

Binti akamzuia njia. "Mama, ukiugua kule kichakani nani atakuona?"

"Huyu." Akaninyooshea kidole. "Wewe unaniogopa."

"Naogopa kukuua, Mama."

"Najua," Yaya akasema. "Ndiyo maana naondoka."

Binti akaturudisha kwa gari, madirisha yote wazi, upepo ukitupiga usoni.

Jumapili iliyofuata alileta chakula mpaka getini. Akakiweka chini, akageuka aende zake. Yaya hakuinuka kitini, na mimi nilifunga mdomo, ingawa maneno yalikuwa yamejaa. Binti akafika kwenye gari, akatutazama, akarudi. Akafunua sufuria, akashusha barakoa, akala kijiko kizima huku machozi yanamtoka.

Hapo ndipo Yaya akainuka.

Mimi hasira zangu bado ninazo. Kugawanwa kama mbuzi wa urithi sijasahau, na mwanangu anajua kwamba sijasahau. Lakini nilikwenda ndani kuchukua sahani.