Basi la Masaka, Mawe ya Muleba

Shangazi yangu aliolewa Uganda, nami nikapelekwa kwake kabla sijajua kufunga vifungo vya shati langu mwenyewe. Aliishi kijiji kimoja kando ya barabara ya kutoka Kyotera kwenda Masaka. Mumewe alikuwa fundi cherehani mjini Masaka, na kila asubuhi tulipanda basi sote watatu: yeye kwenye cherehani yake, shangazi sokoni na ndizi zake, mimi shuleni. Naanza na basi hilo kwa sababu ndilo lililoniharibu.

Pale kituoni palikuwa na ubao ulioandikwa saa kwa rangi nyeupe, na basi lilifika kwa saa ile iliyoandikwa. Dereva alivaa tai. Kondakta alikuwa na mfuko wa ngozi kifuani na kijichuma cha kutobolea tiketi, na mlio wa kile kijichuma ulinipa raha ambayo sijui kuieleza. Mimi ni mtu wa hofu. Hata utotoni niliamka mara kwa mara kuhakikisha viatu vyangu viko mahali nilipoviweka. Kwa mtoto wa namna hiyo, basi linalokuja saa liliyoahidi ni kama mzazi wa pili.

Siku moja shangazi alichelewa kwa kuwa alirudi nyumbani kufuata kisu. Sisi tulikwisha kuingia. Nilimwona kwa dirisha la nyuma akikimbia, mkungu kichwani, mkono mmoja juu, na basi likaondoka. Jioni alicheka.

"Lile basi halina undugu na mtu," alisema. "Ningekuwa mama yake dereva lingeniacha vilevile."

Mumewe akamwambia, "Ndiyo maana wateja wangu hawaningoji."

Mke wa jirani yetu aliachwa namna hiyohiyo akiwa na uchungu, akajifungulia majanini ukingoni mwa barabara. Nakiri kwamba sikumhurumia. Nilijiuliza kwa nini hakutoka nyumbani mapema.

Baadaye serikali ya kule ikapinduliwa. Sokoni watu waliomwita shangazi "dada" wakaanza kumuuliza kwao ni wapi. Mumewe akaona nisingoje hadi nifukuzwe, nikarudishwa kwa mama, kijijini kwetu juu ya Muleba. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Shule ya huku ilifundisha kwa Kiswahili, na mimi nilikuja na Kiganda na Kiingereza cha kukariri. Mwalimu akaniweka pamoja na watoto walionifikia kiunoni. Nilivumilia muhula mmoja, kisha nikaacha, kwa aibu tu, si kwa sababu nyingine.

Kiswahili hiki ninachoandika nilijifunza peke yangu. Nilikisoma katika magazeti yaliyofungia dagaa na sukari, nikakisikiliza katika redio ya duka la ushirika, nikisimama nje kama mwizi. Karatasi zilikuwa adimu, na mimi siwezi kuishi na neno lililokatwa, kwa hiyo niliandika kwanza kwa kijiti kwenye vumbi la uani, nikafuta, nikaandika tena, hadi sentensi ikae sawa, ndipo nikainakili. Mama alikuwa akifagia kwa kuzunguka maandishi yangu.

"Leo nifagie au bado wasoma?" aliniuliza.

Ndipo ikatangazwa redioni kwamba mjini Bukoba kutakuwa na mtihani wa watu waliojisomea wenyewe, na watakaofaulu watachukuliwa kwa mafunzo ya ualimu. Mlango ungefungwa saa nne asubuhi. Hakuna aliyejua kama mtihani huo ungerudiwa mwaka mwingine. Kwangu mimi, niliyeacha shule kwa aibu, huo ulikuwa mlango pekee, na kati yangu na mlango huo palikuwa na safari ya basi tu.

Sasa nieleze basi letu. Lilitoka upande wa Biharamulo, likapita Muleba asubuhi kuelekea Bukoba, siku ambayo halikuharibika na halikuchukuliwa kupeleka watu kwenye mkutano. Lilifika likiwa karibu kujaa. Kwa hiyo watu wa Muleba walikuwa na utaratibu wao. Jioni ya kabla ya safari, kila msafiri alikwenda kituoni akaweka jiwe lake katika mstari, kandokando ya ukuta wa duka lililofungwa. Jiwe lilishika nafasi, mwenyewe akalala kwake. Mawe yalijulikana. Hili lina alama ya chokaa, hili limevunjika kona, hili ni nusu ya tofali. Asubuhi kondakta alipita akiyagusa kwa ncha ya kiatu, na mwenye jiwe akaitika na kupanda. Watu waliyaita wajumbe. Siku zile kila kitu kilikuwa na mjumbe, kamati na mwenyekiti, na mawe nayo hayakuachwa nyuma.

Mimi nilichukia mawe yale. Niliona ni uongo. Mtu yuko kitandani, jiwe linasema yuko kituoni.

"Kaweke jiwe," mama aliniambia jioni ile. Nilikuwa napiga pasi shati langu kwa mara nyingine kwa sababu ya mkunjo chini ya kwapa ambao hakuna mtu angeuona.

"Nitakwenda mwenyewe, mawe. Nitakuwa wa kwanza."

Katika Kihaya chetu mama ni mawe, na hapo nilisema kwa sauti ya kumfundisha.

"Wa kwanza baada ya mawe," alisema. "Hapa si Masaka, mwanangu."

"Ndiyo shida yenyewe."

Mama akajifunga kanga akasema anakwenda rozarini kwa jirani. Alirudi giza limekwisha kuingia, nami nilikuwa nimeinamia madaftari sikuinua kichwa. Alfajiri niliondoka nikinyata nisimwamshe.

Kituoni nilikuwa mtu wa kwanza. Mawe yalikuwa yamekwisha kujipanga ukutani, nami nikasimama mbele yao nikiyapa mgongo. Watu wakaja mmojammoja, kila mmoja akaenda kwenye jiwe lake akakaa karibu nalo, wengine wakalikalia. Mama mmoja mwenye kikapu cha senene waliokaangwa aliniangalia viatu.

"Waitu, ndugu yetu, mjumbe wako yuko wapi?"

"Mimi mwenyewe ndiye mjumbe wangu."

"Haya," alisema, akawageukia wenzake. "Huyu kajituma mwenyewe. Kikao kimekamilika."

Wakacheka. Nami nikacheka kidogo, kwa hofu.

Basi likaja. Kondakta alikuwa kijana wa makamo yangu, shati nje, kipande cha muwa mdomoni. Alichungulia ndani, akatuambia nafasi ni chache sana, akaanza kuyapita mawe. La kwanza lilikuwa la mama wa senene, akapanda. La pili lilikuwa jiwe dogo la mviringo, limefungwa kamba ya mgomba kwa fundo la msalaba, nadhifu kama kifurushi cha chakula cha safari.

"La nani hili?"

Watu wakatazamana.

"Ndugu zangu, la nani?"

Mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Mwenyewe atakuja. Ngoja kidogo."

Hapo ndipo basi la Masaka liliponipanda kichwani. Niliona saa nne, niliona mlango, niliona dereva mwenye tai. Nikasema kwa sauti ambayo sikuijua kama ni yangu:

"Mwenyewe hayupo. Basi haliwezi kungoja jiwe. Liondoeni, twende."

Na kwa kuwa hakuna aliyeliondoa, nikaliondoa mimi. Nililisukuma kwa kiatu likabingirika hadi mtaroni.

"Usiguse kitu cha mtu," yule mzee alisema taratibu.

Kondakta alinitazama, akatafuna muwa wake, akapita kwenye jiwe lililofuata, na lililofuata. Nilikuwa nimedhani nimefungua nafasi yangu. Sikuwa nimefungua chochote. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja, na jiwe lililofikiwa lilikuwa nusu ya tofali la balozi wa nyumba kumi wa mtaa wa pale, naye hakuwepo.

"La balozi," watu wakasema wote.

"Na yeye hayupo," nilisema. "Mimi nipo."

"Balozi anakuja," kondakta alisema. "Yuko anakunywa chai. Nimemwona."

"Na lile la pili hukulingoja?"

"Lile uliliondoa wewe, ndugu. Mimi sikuliondoa."

Tukangoja. Dereva alizima injini. Balozi akaja anajifuta midomo, akasalimia kila mtu, akauliza habari za mgonjwa mmoja, akaeleza kwamba anakwenda mjini kutafuta tairi la baiskeli. Nilimwambia kwamba mimi naenda mtihanini. Nilimwomba. Nadhani nilimwomba vibaya, kwa sababu badala ya kuomba nilianza kueleza.

"Kule Masaka," nilisema, "basi halingoji mtu anywe chai."

Watu wote wakanigeukia. Siku zile Uganda halikuwa jina la kutaja kituoni kwa kusifia.

"Basi rudi kwenu Masaka," balozi alisema, kwa upole kabisa, akapanda. Mama wa senene akachungulia dirishani akaongeza, "Ukifika utusalimie wenye saa." Basi likaondoka.

Niliupata mji wa Bukoba juu ya lori la kahawa, nimekalia magunia, shati langu likishika vumbi. Lori lilisimama kila palipo na mizani na kila palipo na rubisi, maana dereva na wenzake walikuwa na kiu ya ile pombe yetu ya ndizi. Kemondo walikaa muda mrefu. Nililia pale juu ya magunia, si kwa kificho, na mpakiaji mmoja akanipa punje chache za kahawa ya kutafuna, kama mtu anavyokaribishwa msibani. Tulipopita Nshambya jua lilikuwa limeshapanda juu, nikajua.

Mlango ulikuwa umefungwa. Nikagonga. Akatoka msimamizi, mtu safi, tai shingoni, saa mkononi. Nilimpenda mara tu nilipomwona, na huo ndio ukweli wa kuchekesha zaidi katika habari hii. Nilieleza lori, mawe, balozi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wenzako wa Rubafu wamelala hapa tangu jana," alisema. "Saa ni saa, kijana."

Nyuma yake, dirishani, niliona vichwa vimeinama. Akafunga taratibu, bila kelele, kama watu wenye utaratibu wanavyofunga. Ndivyo ambavyo ningemfanyia mtu mimi mwenyewe. Ndivyo nilivyomfanyia kichwani yule mwanamke aliyejifungulia majanini.

Nililala Kashai kwa jamaa wa mama, nikarudi Muleba kesho yake. Mama alikuwa uani anamenya ndizi. Aliniona usoni akaweka kisu chini.

"Hukuwahi?"

"Sikupata basi."

"Hukupataje? Kwani jiwe lako kondakta hakuliona?"

Nikamwambia sikuweka jiwe, anajua sikuweka.

"Nilikuwekea mimi," alisema. "Jioni ile. Rozari tulisali haraka nikashuka barabarani. Likawa la pili, kwa sababu yule mwuza senene huweka lake mchana. Nililifunga kamba ya mgomba ili ulijue."

Sikuuliza fundo lilikuwaje. Mama hufunga fundo la msalaba kwenye kila kitu, kuanzia vifurushi vya ndizi alivyonifungia nilipokwenda Uganda mara ya kwanza.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekwenda kuliondoa," alisema.

Sikumwambia kwamba nililiondoa. Nimeliandika hapa kwa kuwa yeye hajui kusoma, na hilo nalo ni jambo baya ninalolijua juu yangu. Mtihani ule haukurudi, angalau haujarudi hadi leo. Wachuuzi wanaovuka mpaka kwa kificho na sabuni wanasema basi la kwetu kule nalo lilikufa, halina vipuri, na ubao wa saa umegeuzwa mlango wa banda la kuku. Shangazi sasa hutembea kwa miguu hadi sokoni. Hakuna tena mahali ninapoweza kusema, kule basi halingoji.

Juzi nilikuwa na safari ya Bukoba, ya dawa za mama. Jioni nilishuka kituoni nikatafuta katika ule mtaro. Majani yameota, na mawe yaliyomo ni mengi, ya barabara, yote yanafanana. Kamba ya mgomba huoza upesi. Nikachukua lolote, nikaliweka ukutani mwisho wa mstari, nikabaki nimesimama nalo mpaka giza likaingia, kwa sababu sikuamini kwamba litanishikia nafasi, na kwa sababu nilikuwa nimesahau kulitia alama.