Kiboya cha Ziwa la Plymouth

Ipo siku moja ziwani Plymouth, huku ughaibuni, ambayo kila nikiikumbuka, mwanangu, nacheka peke yangu jikoni. Nilikuwa bibi harusi mpya, na bibi yako mzaa baba, Mungu amrehemu, alikuwa amekuja kutoka Mombasa kukaa nasi miezi mitatu. Wiki ya pili tu akaanza kufunga mizigo! Chakula hakimshuki, samaki wetu anasema ananuka friji, na kadiri ninavyombembeleza ndivyo anavyozidi kununa. Baba yako hana raha. Nikasema basi, leo atakula samaki niliyemvua mimi.

Nani alinituma? Mimi mtoto wa Kibokoni, Mombasa mjini, samaki nilimjua sokoni, kashakatwa vipande. Lakini mtu wa pwani umuulize kama anajua kuvua, atakujibu ndiyo kabla hujamaliza.

Tukaenda na Mzee Twaha, jirani yetu wa Columbia Heights. Mamamkwe tukamkalisha kwenye kiti cha kukunja, kajifunga leso juu ya jaketi la baridi. Nikasimama nikiuelekea upepo, nikatupa ndoana kwa nguvu zangu zote. Upepo ukanirudishia miguuni. Nikatupa tena, vilevile.

"Huyu anavua au anapigana na mtu?" akauliza mamamkwe.

Mzee Twaha akacheka mpaka akakohoa. "Binti, twende upande wa pili. Upepo uupe mgongo."

Tukazunguka. Akafunga kijisamaki cha chambo chini ya kiboya chenye kibawa cha kushika upepo. Karibu na ndoana akaweka waya, maana samaki wa huku anayeitwa paiki ana meno ya kukata uzi. Uzi wenyewe akaupaka mafuta ya mgando usizame. "Sasa achia. Usivute."

Kuachia, we! Mikono iliniwasha. Kiboya kikaenda chenyewe, taratibu, mpaka kule kwenye magugu ambako nisingefika kwa kutupa hata ningekula nini. Kikatikisika, kikazama.

"Mama, nisaidie!"

Yule mama aliyenuna akaruka kitini, akashika fimbo ya kuvulia pamoja nami, tukavuta mpaka lisamaki refu likatua kwenye nyasi. Akapiga vigelegele, wazungu na mbwa wao wakasimama kutazama. Jioni akamtoa miiba mwenyewe, akamkaanga na kumtilia tui. "Kaa hapo," akaniambia, "leo nakupikia mimi." Kumbe mama wa watu siku zote hizo alikuwa anataka jiko! Mizigo aliifungua usiku huohuo, na nilifurahi mpaka nikalia.

Sasa mamamkwe wako anakuja kwenu Oakdale, nawe unanipigia simu roho juu. Usimvutevute, mwanangu. Mpe mwiko, mwoneshe chumvi ilipo, kisha toka humo jikoni. Mola akupe moyo mpana, akujaalie mama wa pili, na siku nisipokuwepo uwe na wa kumwita.