Sungura wa Qamara Hawanywi Pombe

Saa nne asubuhi, mjini Mbulu, Agatha anatikisa karatasi ya hospitali juu ya uzio wa minyaa.

"Vipimo vya ini vimepanda. Ini la mume wangu limeharibiwa na nini, kama si pombe yako?"

Ng'ambo ya uzio, Hilda mpika pombe anajifuta mikono. "Mama Doris, Herman hajakanyaga kwangu tangu Pasaka. Muulize mwenyewe."

Herman ameketi juani, wiki moja tangu apate mshtuko wa moyo. Pasaka aliapa kanisani kwamba ameacha pombe. Leo mkewe anamwona mwongo, naye hana nguvu ya kubisha.

Majirani wameshafika. Mbulu habari haipandi boda boda, inatangulia.

Anafika pia Evarist Qamara, 54, aliye likizo. Kwa miaka 19 ametunza sungura, sasa wako 84, kwenye maabara ya utafiti ya chuo kimoja: anafagia vizimba, anawakatia majani, anawajua mmoja mmoja.

"Shikamoo, baba Joakimu," Agatha anamsalimu, ingawa ana hasira.

"Marahaba. Hebu nione hiyo karatasi."

Anaisoma taratibu. Kazini, anaeleza, watafiti humlaza sungura kwa dawa, kisha hufunga mshipa mmoja wa moyo wake ili wajifunze mshtuko unavyofanya kazi.

"Kesho yake damu ikipimwa, vimeng'enya vya ini, hivi hivi vilivyopimwa hapa, navyo vimepanda. Ini halijaguswa na mtu. Moyo ukilegea, damu inalifikia kidogo, nalo linalia. Sungura wangu, mama, hawajaonja pombe hata siku moja."

"Labda wanatoroka usiku," anasema jirani mmoja, mzee Sulle. Uzio mzima unacheka.

Qamara hacheki. "Mimi nalisha wanyama, si daktari. Mpigie aliyempima."

Agatha anapiga, anaweka spika wote wasikie. Daktari anajibu kwamba vipimo vya ini vilipanda kwa sababu ya moyo, wala hakuona dalili ya pombe. Alimweleza shemeji wa Agatha siku ile alipochukua majibu.

Shemeji alibeba karatasi, maelezo akayasahau kwenye basi.

Herman anatazama chini, anatabasamu.

Qamara amebakiza mwaka mmoja wa kazi. Akistaafu atafuga sungura wake hapa hapa. "Hawa watazeeka. Wa maabara nimewazika wengi mno."

Agatha anaikunja karatasi. Anamtazama mumewe, kisha anasogeza lango.

"Hilda, makande yameiva. Ingia ule."