Beringi na Kikombe Chake

Harufu ya grisi iliyoungua naijua kuliko ninavyoijua harufu ya mandazi. Ni nzito, inakaa puani, kama nywele zilizobabuliwa na moto. Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa na miaka tisa, tunakaa kijiji cha Litapunga, familia ya Wasukuma waliofika na ng'ombe wakakuta ardhi inakubali mahindi. Baba aliuza karibu ng'ombe wote akanunua lori kuukuu, na ndugu zake wakamcheka kwamba sasa atakamua dizeli. Lori lilibeba mahindi hadi Mpanda mjini, na juu ya magunia walipanda watu, kwa sababu usafiri mwingine haukuwepo. Mama alikuwa mmoja wao kila wiki, mdogo wangu mgongoni.

Kiangazi kile gurudumu la mbele la kushoto lilianza kunguruma. Beringi ilikuwa imekwisha. Kwa asiyeijua, beringi ni pete ya chuma yenye vyuma vidogo vya mviringo vilivyojipanga kama meno. Inakaa ndani ya kikombe chake cha chuma katikati ya gurudumu, na ndiyo inayofanya gurudumu lizunguke bila kusagana. Ikifa njiani gurudumu linaweza kuchomoka, na kati ya kwetu na mjini kulikuwa na mteremko mkali unaoishia kwenye daraja la magogo. Mama alisema huku anapepeta, hata hakuinua kichwa, "Hilo gari silipandi tena na mtoto mpaka liache kulia." Baba alijua gari halilii bure.

Tatizo ni kwamba kelele za injini zilikuwa zimeshamla baba sikio la kulia, na la kushoto lilikuwa njiani. Kwa hiyo siku ya kwenda Kashaulili, mjini Mpanda, kununua beringi hakumchukua fundi, alinichukua mimi. Muuza spea alitutolea tatu na kuzipanga juu ya gazeti. Ya kwanza ilikuwa mpya, inang'aa mpaka unajiona. Baba akaomba mafuta ya taa aioshe grisi ya dukani.

"Ukiiosha umeinunua, mzee," muuza spea akasema.

"Kwetu ng'ombe hanunuliwi amelala," baba akamjibu. "Anasimamishwa, anatembea, ndipo tunaongea bei. Na hii nataka itembee."

Wateja wakacheka, mmoja akauliza kama ataikagua na meno. Muuza spea naye akacheka, akamimina mafuta kwenye kopo. Baba akaiosha, akaikausha kwa shati lake, akaikandamiza ndani ya kikombe chake na kuizungusha karibu na sikio langu. Nikamwambia ina mchanga. "Dukani kwangu hakuna mchanga," muuza spea akanikatiza. "Huyu mtoto naye fundi?" Baba akasema, "Huyu ndiye sikio langu," akaisukuma pembeni. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ya pili ilikuwa imetumika, na baba alinionyesha doa la buluu kwenye vyuma vyake: ilishaungua mahali, na chuma kilichoungua hakirudi kuwa kigumu. Ya tatu ilitoka kwenye boksi lililoliwa na mende. Haikung'aa, lakini ilikuwa nzito mkononi, namba zake zimegongwa ndani kabisa, na ilipozunguka nilisikia mlio mmoja tu, laini, kama mtu anayepangusa meza. Tukaichukua na kikombe chake.

Kosa tulilifanyia nyumbani. Kikombe cha zamani kilikuwa kimekaza ndani ya gurudumu, kukitoa ni kazi ya patasi na uvumilivu. Baba mdogo Masanja, aliyekuwa anamsaidia kufunga, akasema, "Kaka, hiki bado kizima. Kipya tukitunze, kitakuja kutufaa." Sisi ni watu wa kutunza, kwetu hata kamba iliyokatika inaning'inizwa ukutani. Baba akakubali. Beringi mpya ikafungwa kwenye kikombe cha zamani, gari likanyamaza, mama akapanda.

Baba alikuwa na desturi moja. Kila aliposimama alishuka na kubandika kiganja katikati ya gurudumu kupima joto, anahesabu. Akifika kumi bila kuutoa mkono, safari inaendelea. Safari ya tatu, juu ya mteremko ule, ile harufu ya grisi ikapanda mpaka kwenye magunia. Baba akabandika kiganja, akakitoa kwenye nne. Akawaambia watu washuke wote, na aliwaambia sababu: nilibakiza kikombe cha zamani kilichokwisha kulika, kimeila beringi mpya, makosa ni yangu. Mama alishuka, akamfunga mtoto vizuri, akatembea kwa miguu hadi mjini. Mwendo wake ule ndio uliomfanya baba ashinde siku mbili akigonga patasi, mpaka kikombe kile kikatoka.

Sasa nina binti wa miaka sita. Hapa Mpanda kuna lami, na kuna basi dogo linalompeleka shule. Wiki nzima lilikuwa linanguruma nyuma. Nilimwambia mwenye basi mara mbili, akanijibu hiyo ni tairi tu, mama, nenda kapike. Juzi asubuhi nilisimama mbele ya basi, nikainama, nikabandika kiganja. Nilifika tatu. Dereva akachungulia dirishani akaniambia, "Mama, gari lina bima." Nikamuuliza bima inazaa?

Nilimshusha binti yangu, kisha nikawashusha wengine mmoja mmoja, na tukatembea nao. Mwenye basi anasema nimemharibia jina. Sina ugomvi na mtu anayekosea. Baba yangu alikosea, tena kwa sababu ya kikombe kimoja cha chuma. Lakini hakuwa na lami, hakuwa na masikio, na watu wake aliwashusha mwenyewe. Hawa nimewashusha mimi, na kiganja bado kinaniwasha.